Kugandamanisha Seramiki kwa Uga wa Umeme: Halijoto ya Tanuru na Halijoto ya Kipande

Katika makala haya (ya kusomwa, si yale ya kupikia, msomaji wa Lubumbashi atatuelewa) tunakusudia kueleza jambo moja la sayansi ya maada ambalo tangu mwaka 2010 limewashughulisha sana wanazuoni: namna umeme unavyoweza kuufanya unga wa seramiki uwe kitu kimoja kigumu, kisicho na vitundu, ndani ya tanuru ambalo halina moto wa kutosha kwa kazi hiyo. Jambo lenyewe hutajwa mara nyingi kwa sentensi fupi, kwamba seramiki iliyokuwa ikihitaji nyuzi 1450 za Selsiasi kwa saa kadhaa sasa hukamilika kwenye nyuzi 850 kwa sekunde chache. Sentensi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo imeficha swali ambalo mtu wa lugha ana haki ya kuliuliza kama mtu wa fizikia: nyuzi 850 za nini? Za tanuru, au za kipande kilichomo ndani ya tanuru? Sehemu kubwa ya ubishi wa miaka iliyofuata ilizaliwa katika pengo lililopo baina ya majibu hayo mawili.

Tuanze na jambo tunalolijua. Pembezoni mwa Lubumbashi watu huchimba udongo wa vichuguu, wakaukanda kwa maji, wakaufyatua kuwa matofali, wakayaanika juani, kisha wakayapanga matofali hayo hayo yawe tanuru lenyewe. Chini yake hutiwa magogo ya miti ya miombo, na moto huwaka mpaka matofali yawe mekundu. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Tofali lililochomwa halirudi. Twasema kwamba moto umeliivisha, na usemi huo ni mzuri, ila hautuambii moto umefanya nini. Katika udongo wa kawaida sehemu ya madini huyeyuka kidogo, ikawa kama kioo chenye kunata, na kioo hicho kinapopoa hushika chembe zilizobaki. Kwa hiyo tofali zuri limeungwa kwa gundi ya kioo.

Seramiki tunazozungumzia hapa hazina gundi hiyo. Ni oksidi safi, kama vile zirkonia, ambayo ni oksidi ya zirkoni, na alumina, ambayo ni oksidi ya alumini. Zirkonia hutumika kutengenezea meno ya bandia, hupima oksijeni katika moshi wa injini za magari, na huwekwa katikati ya seli za fueli ili ipitishe ioni za oksijeni. Fundi huanza na unga laini mno, ambao punje zake aghalabu ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimeta. Huukandamiza unga huo katika kalibu upate umbo, naye hupata kipande kinachofanana na chaki: chafikichika kwa kidole, na karibu nusu ya ujazo wake ni hewa tupu.

Kipande hicho hutiwa katika tanuru. Zirkonia huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2700, lakini hakuna anayeifikisha huko. Kwenye nyuzi 1450, ambako bado ni yabisi kabisa, punje zilizogusana huanza kushikana. Sababu yake ni hii. Atomi iliyo juu ya uso wa punje haina majirani wa kutosha, hivyo ina nishati ya ziada. Na kila mfumo wenye nyuso nyingi hupata nafuu ukizipunguza. Joto linapoziwezesha atomi kuhama, huhamia penye mgusano wa punje mbili, zikajenga hapo shingo. Shingo hunenepa, vitovu vya punje husogeleana, na vitundu vilivyokuwa baina yake hupungua mpaka vikazibika. Kipande chote hunywea. Kama nusu ya ujazo ilikuwa hewa na hewa yote ikatoka, kipande cha sentimeta 10 kitatoka katika tanuru kikiwa na urefu usiofika sentimeta 8. Mafundi wa meno ya zirkonia walijua hesabu hii tangu awali, ndiyo maana hulichonga jino likiwa kubwa kuliko kinywa kitakacholipokea.

Hapa lugha yetu inatudai neno. Wafaransa husema frittage, neno lenye asili moja na kukaanga. Waingereza wameazima la Wajerumani. Sisi tuna kuchoma, kuoka, kuivisha na kuyeyusha, na hakuna hata moja linalotosha. Kuyeyusha ni kosa, kwa maana hakuna kilichoyeyuka. Kuchoma na kuoka ni sahihi, ila ni mapana mno: mkate huokwa na muhindi huchomwa, na katika tukio tutakaloeleza punde tanuru linakaribia kuwa shahidi tu. Tumechagua kitenzi kugandamana, yaani vitu kugusana na kushikana hata visiachane tena, pamoja na kauli yake ya kusababisha, kugandamanisha. Kina kasoro moja, kwamba masikio ya wengi yatasikia kugandamiza. Na ni kweli kwamba mara nyingine shinikizo nalo hutumika katika kazi hii. Pale litakapotumika tutalitaja kwa jina lake.

Kwa nini basi watu watake kupunguza halijoto? Gharama ya moto ni jibu la kwanza, lakini si lenye uzito mkubwa zaidi. Mwendo wa atomi hutegemea halijoto kwa ukali sana, kiasi kwamba nyuzi mia moja pungufu zaweza kugeuza kazi ya saa moja kuwa kazi ya siku nzima. Na moto ule ule unaoziba vitundu huzikuza pia punje, kubwa ikiila ndogo, na kwa kawaida seramiki yenye punje kubwa ni dhaifu kuliko yenye punje ndogo. Tena ziko dutu ambazo haziwezi kuvumilia. Litiamu huvukiza. Tabaka mbili za vitu tofauti, zikichomwa pamoja kwa muda mrefu, huingiliana na kuharibiana. Mtu anayetaka kuunda betri au seli ya fueli kwa tabaka nyembamba hana shida na bei ya moto peke yake. Ana shida na moto wenyewe.

Wazo la kupitisha umeme ndani ya kitu chenyewe, badala ya kukizungushia moto, si geni. Mwaka 1897 Walther Nernst, mwanakemia wa Göttingen nchini Ujerumani ambaye baadaye alipewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, alibuni taa isiyohitaji kuondolewa hewa ndani yake. Kilichong'aa ndani ya taa hiyo kilikuwa kijiti cheupe cha zirkonia iliyochanganywa na itria, yaani oksidi ya itri. Kikiwa baridi, kijiti hicho hakipitishi umeme wa maana. Ilibidi kipashwe moto kwanza, kwa kiberiti au kwa waya wa platini uliopashwa kando yake. Kikishapata moto hupitisha umeme, na umeme hukizidishia moto, nacho hutoa mwanga mweupe wa kupendeza. Taabu ilikuwa kwamba kila moto ulipozidi, ukinzani wa kijiti ulipungua, mkondo ukaongezeka, moto ukazidi tena. Kikiachwa hivyo kingejiangamiza chenyewe. Mafundi wakakifungia mfululizo na waya mwembamba wa chuma uliowekwa ndani ya chupa ya haidrojeni. Ukinzani wa chuma hupanda unapopata moto, hivyo waya huo ulimzuia mwenzake kama mkia wa kondoo dume aliyeshikwa na mchungaji. Taa ya Nernst ilionyeshwa Paris mwaka 1900, ikauzwa kwa miaka michache, kisha nyuzi za metali, tangsteni hasa, zikaishinda. Msomaji aikumbuke, maana tutairudia.

Wajapani walichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1960 Kiyoshi Inoue alipata hataza za kugandamanisha unga kwa mipigo ya umeme huku ukishinikizwa, na kutoka kwenye kazi hiyo, kufikia miaka ya 1990, zikatoka mashine zilizoenea katika maabara nyingi za dunia. Unga hutiwa katika kalibu ya grafiti, hushinikizwa kwa nguvu kutoka juu na chini, na mkondo wa maelfu ya ampea kwa volti chache hupitishwa. Kazi huisha kwa dakika chache. Lakini mara nyingi, hasa unga unapokuwa wa dutu isiyopitisha umeme, kinachopata moto ni kalibu, na unga hupata moto kutokana na kalibu hiyo. Njia hii ilipewa jina linalotaja cheche na plazima. Mwaka 2008 wanazuoni wa Marekani walitafuta plazima hiyo kwa vipimo mbalimbali, nao hawakuiona. Jina limebaki vile vile hata leo. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wengi wetu tunaotafsiri istilahi hudhani kwamba jina la kigeni, kwa vile limetoka maabara, lazima liwe limesema kweli.

Sasa tufike mwaka 2010. Rishi Raj wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, pamoja na Marco Cologna na Boriana Rashkova, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya zirkonia yenye itria kiasi cha moli 3 kwa mia. Mpango wao ulikuwa mwepisi wa kushangaza. Unga ulikandamizwa upate umbo la mfupa, mwembamba katikati na mpana katika ncha mbili. Kila ncha ilitobolewa tundu, waya wa platini ukapitishwa humo, na kipande kikaning'inizwa kwa nyaya hizo katikati ya tanuru. Nyaya ziliunganishwa na chanzo cha umeme. Kamera iliyotazama ndani ya tanuru ilipima jinsi kipande kilivyonywea, na tanuru likapandishwa moto taratibu.

Hapa yafaa tueleze maana ya uga. Katika lugha ya kila siku uga ni ule uwanja ulio wazi mbele ya nyumba. Wanaistilahi walilichukua neno hilo kwa eneo ambamo nguvu fulani hufanya kazi, na uga wa umeme hupimwa kwa volti zilizogawanywa kwa umbali. Uga wa volti 120 kwa sentimeta si mkubwa kama unavyosikika: kwa kipande chenye urefu wa sentimeta 2 ni volti 240, ambazo hazipishani sana na zile za tundu la umeme ukutani.

Uga ulipokuwa mdogo, wa volti 20 au 40 kwa sentimeta, kipande kiligandamana mapema kidogo kuliko desturi, bila kishindo. Ulipofika volti 60 mambo yaligeuka. Tanuru lilipofikia halijoto fulani, mkondo uliruka ghafla, kipande kikang'aa, na ndani ya sekunde chache kikawa kimenywea chote. Kwa volti 120 jambo hilo lilitokea tanuru likiwa kwenye nyuzi 850. Kadiri uga ulivyokuwa mkubwa ndivyo halijoto ya tanuru iliyohitajika ilivyokuwa ndogo. Kwa kuwa kila kitu hutokea kama radi imewaka, tukio lenyewe twaweza kuliita mmweko, na njia hii tukaiita ugandamanishaji wa mmweko.

Haikuchukua muda kabla ya wengine kujaribu dutu nyingine: titania, titaneti ya stronti, oksidi ya zinki, kabidi ya silikoni. Alumina safi ilikaidi, kwa kuwa haipitishi umeme hata ikipata moto mkali. Ilipotiwa magnesia kidogo ilikubali, lakini kwa uga wa volti 1000 kwa sentimeta na tanuru la nyuzi zipatazo 1260. Mwaka 2015 Yuanyao Zhang na Jian Luo, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, walieleza kwamba oksidi ya zinki katika hewa yenye haidrojeni iligandamana karibu kabisa huku tanuru likiwa chini ya nyuzi 120. Maji yanayochemka hayako mbali na hapo! Ila tuwasifu waandishi hao wawili: katika anwani ya makala yao walisema waziwazi kwamba ni halijoto ya tanuru.

Kwani mmweko huanzaje? Turudi kwa kijiti cha Nernst. Itria inapoingizwa katika zirkonia huacha nafasi tupu ambapo oksijeni ingekaa, na ioni za oksijeni huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Kuruka huko huhitaji joto. Kwa hiyo zirkonia baridi ni kizuizi cha umeme, na zirkonia ya moto ni njia. Tukishikilia volteji ile ile, mkondo mdogo unaopita kwanza hutia joto kidogo. Joto hupunguza ukinzani. Ukinzani ukipungua mkondo huongezeka. Nao mkondo huleta joto zaidi. Wakati wote huo kipande hupoteza joto kwa kuwapa hewa na kuta za tanuru. Maadamu kinapoteza kadiri ya kinachopata, hutulia. Tanuru likipanda kidogo tena, hufika mahali ambapo hakiwezi kupoteza haraka kama kinavyopata, na hapo joto hukata kamba. Nguvu ya umeme inayoingia wakati huo, kwa dutu nyingi zilizojaribiwa, huwa ni baina ya wati 10 na 50 kwa kila sentimeta ya ujazo. Ili kipande kisijiangamize, mashine huwekewa kikomo: mkondo ukifika kiasi kilichoamuliwa, chanzo cha umeme huacha kushikilia volteji na kuanza kushikilia mkondo. Kikomo hicho kinafanya kazi ile ile ya waya wa chuma katika taa ya 1897. Zaidi ya miaka 110 imepita, dutu ni ile ile, hatari ni ile ile na dawa ni ile ile, isipokuwa mara hii kinachotakiwa si mwanga bali ni kipande chenyewe.

Hadi hapo wengi wanakubaliana. Ubishi uko kwingine: je, joto hilo linatosha kueleza kasi ya kugandamana? Raj alikadiria halijoto ya kipande kwa kulinganisha nguvu ya umeme iliyoingia na mnururisho uliotoka, kwa kuwa kitu chenye moto hutoa mnururisho kwa kanuni inayojulikana. Katika makala yake ya mwaka 2012 alionyesha kwamba kipande kilikuwa na moto zaidi ya tanuru kwa nyuzi mia kadhaa, lakini hakikukaribia nyuzi 1900 hivi ambazo, kwa kuzivuta mbele kanuni za zamani, zingehitajika ili kazi ya saa nyingi ifanyike kwa sekunde. Akahitimisha kwamba uga unafanya jambo la ziada. Dhana yake ni kwamba uga huzalisha kasoro kwa wingi ndani ya fuwele, atomi zikibanduliwa mahali pake na kuacha nafasi tupu nyuma yake, na kasoro hizo ndizo zinazoharakisha uhamaji wa atomi. Alitaja pia mng'ao wa kipande, ambao rangi zake, kwa maoni yake, hazifanani kabisa na zile za kitu kinachong'aa kwa moto tu.

Upande wa pili ulikuwa na hoja iliyo rahisi zaidi, na twakiri kwamba urahisi wake unatuvutia. Mwaka 2015 Richard Todd na wenzake wa Oxford, na vilevile kundi la Jian Luo, walionyesha kwamba ukijua ukinzani wa dutu unavyobadilika kwa halijoto, waweza kutabiri mmweko utaanza wapi kwa hesabu ya joto peke yake, bila kasoro zozote za ajabu. Hilo linahusu mwanzo wa mmweko. Ama kuhusu kasi ya kugandamana, hoja yao ilikuwa kwamba kanuni za zamani zilipimwa katika matanuru yanayopanda polepole, na haifai kuzivuta hadi kwenye kipande kinachopanda nyuzi mamia kwa sekunde moja. Kipande kinachopashwa polepole hutumia sehemu ya nguvu zake kukuza shingo na punje bila kuziba vitundu. Kinachopashwa ghafla hufika kwenye moto mkali kikiwa bado na punje zake ndogo na nyuso zake nyingi, yaani na njaa yake yote ya kugandamana.

Hoja ya namna hiyo haimalizwi kwa maneno. Ilihitajika kupasha kipande kwa kasi ya mmweko bila umeme wowote kupita ndani yake. Todd na wenzake wa Oxford na wa China walifanya hivyo, wakachapisha mwaka 2017: walikizungushia kipande cha zirkonia mchanganyiko wa unga ambao ukiwashwa huungua wenyewe kwa moto mkali sana na wa haraka. Kipande kiligandamana kwa kasi inayolingana na ile ya mmweko. Mwaka 2020 kundi la Liangbing Hu katika Chuo Kikuu cha Maryland likaja na njia nyepesi kuliko hiyo. Waliweka kipande katikati ya vipande viwili vya kaboni vyembamba vinavyopitisha umeme na vinavyoweza kufika hadi nyuzi 3000 hivi. Umeme ukapita katika kaboni, haukupita katika seramiki, na kazi ikamalizika kwa sekunde zipatazo 10.

Majaribio haya mawili, kwa maoni yetu, yameiondoa hoja kwamba kasi peke yake ni ushahidi wa nguvu iliyofichika ya uga. Hayajaonyesha kwamba uga haufanyi kitu. Kwa kutumia miale ya eksi wakati mmweko unaendelea, watafiti wameona katika zirkonia mpangilio wa fuwele ambao haukutarajiwa kwenye halijoto hiyo, na ambao hutoweka umeme ukizimwa. Kipande kilichomwekwa kwa mkondo wa upande mmoja huweza kuwa na punje kubwa karibu na elektrodi moja kuliko karibu na nyingine, jambo ambalo joto pekee halilielezi vizuri. Mkondo ukizidi au ukidumu, zirkonia huanza kuwa nyeusi kuanzia upande hasi, kwa kuwa oksijeni yake inavutwa itoke. Umeme basi ni zaidi ya kuni. Lakini kuni ndiyo kazi yake kubwa, na anayeandika kwamba seramiki "imegandamana kwenye nyuzi 850" bila kusema kwamba kipande chenyewe kilipita hapo kwa mamia ya nyuzi, amemwambia msomaji jambo la kweli kwa namna ya kumpotosha.

Je, kuna akiba ya nishati? Ipo, ila si ile inayodhaniwa na msomaji wa haraka. Tanuru bado lapaswa kupashwa hadi 850, na sehemu kubwa ya nishati ya tanuru lolote hupotelea katika kuta zake. Akiba yenyewe imo katika muda: kipande hakikai motoni kwa saa, hivyo punje hazipati nafasi ya kukua, na dutu tete hazipati nafasi ya kutoroka.

Ugumu wa kuitoa njia hii maabara na kuipeleka kiwandani unatokana na tabia ile ile inayoifanya iwe na nguvu. Mkondo hupenda mahali penye moto, na penye mkondo moto huzidi. Katika mfupa mwembamba wa maabara jambo hili halina athari kubwa. Katika sahani pana, mkondo waweza kujichagulia mfereji mmoja, ukaugandamanisha na hata kuuyeyusha, huku sehemu zilizobaki zikibaki chaki. Kisha kipande hupasuka. Umbo lenye kona na matundu ni gumu zaidi. Ziko njia za kupunguza hatari hiyo, kama kupandisha mkondo hatua kwa hatua badala ya kuuachia mara moja, au kutumia umeme wa kubadilika upande ili upande mmoja usiharibike. Hata hivyo hatutarajii kuona sinki au sahani za meza zikitengenezwa hivi kwa wingi hivi karibuni. Udongo wa sahani huiva vizuri kwa gesi.

Mahali ambapo njia hizi za haraka zina haki ya kuangaliwa ni katika zile dutu tulizotaja, zisizovumilia moto. Mfano mmoja unagusa nchi yetu. Betri za litiamu zilizozoeleka hutumia kimiminiko kinachoweza kuwaka, na watafiti wengi wanatafuta kukibadilisha kwa seramiki inayopitisha ioni za litiamu. Mojawapo ya seramiki hizo ina mpangilio wa fuwele wa yakuti-komamanga, na ndani yake mna litiamu, lanthani, zirkoni, na aghalabu tantali kidogo. Ikichomwa kwa saa nyingi katika tanuru la kawaida hupoteza litiamu yake, hata mafundi huifukia katika unga wa dutu ile ile ili kuizuia. Ikigandamanishwa kwa sekunde, litiamu haina muda wa kutoroka. Hiyo ilikuwa mojawapo ya dutu ambazo kundi la Maryland lilizijaribu mwaka 2020. Litiamu imo kwa wingi katika miamba ya Manono, na tantali hutoka katika koltani inayochimbwa Kivu. Koltani huondoka kwetu ikiwa mawe au unga, na kazi ya kugandamanisha hufanyika kwingine, katika matanuru ambayo hata majina ya sehemu zake bado hatujayaandika kwa Kiswahili.